Zamu ya Nani Kumpokea Mgeni? Daftari Nililolikuta Milimani Nepal

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi za kutafuta unga zilinibana. Leo nataka kujibu swali ambalo nimeulizwa na wenzangu wa fani hii zaidi ya mara moja: ile programu ya kupanga wageni niliyoiandikia kijiji kimoja cha Nepal, mbona haina nyota? Mbona mgeni hawezi kuona picha za nyumba na kuchagua anayoipenda, kama tovuti nyingine zinavyofanya?

Jibu fupi ni kwamba wenye kijiji hawakutaka. Jibu refu ndilo hili hapa, na nadhani litamfaa yeyote anayeandika programu ya kugawa kitu chenye thamani kati ya watu. Chemsheni chai, tunaanza.

Nilifikaje huko? Nina rafiki Mnepali ambaye tumeandika naye programu huria kwa miaka mitatu, kwa barua pepe tu, bila kuonana. Novemba 2024 nilikuwa Kathmandu kwa mafunzo ya siku tano. Yalipoisha, akaniambia siwezi kurudi Nairobi kabla ya kuona kijiji cha mama yake, wilaya ya Lamjung. Basi linaelekea magharibi hadi Dumre, linapinda kaskazini kufuata mto Marsyangdi, linakufikisha Besisahar, makao makuu ya wilaya. Kutoka hapo unapanda gari la milimani, mmebanana kama matatu ya saa kumi na mbili jioni, huku upande mmoja wa barabara ukiwa ni hewa tupu. Jina la kijiji nalihifadhi, maana wenyeji wangu hawakuniomba niwatangaze.

Kijiji kiko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi yake mtu wa Limuru hataishangaa. Cha kushangaza ni ukiinua macho: kilele cha Annapurna ya Pili kina mita 7,937. Mlima Kenya wetu una mita 5,199. Nilisimama uani na mswaki mdomoni, nikasahau kupiga mswaki.

Wakazi ni Wagurung. Hii ni mojawapo ya jamii ambazo Waingereza walianza kuandikisha jeshini tangu 1815, wale askari wanaojulikana kama Gurkha. Siku hizi vijana wengi wanakwenda Qatar, Malaysia na kwingineko kutafuta kazi, na kijijini wanabaki wazee, akina mama na watoto. Nyumba nyingi zina vyumba vilivyoachwa wazi na wana walioondoka. Hapo ndipo wazo la kuwapokea wageni majumbani lilipopata nafasi.

Kwa wale wasiofahamu, Nepal ni wakongwe wa jambo hili. Kijiji cha Sirubari, wilaya ya Syangja, kilianza kuwalaza watalii katika nyumba za wanakijiji mwaka 1997. Baadaye Ghale Gaun, katika wilaya hii hii ya Lamjung, kikajulikana kwa mpango wa namna hiyo. Mwaka 2010 serikali ikatoa mwongozo rasmi. Mwongozo huo unatenganisha mtu binafsi anayepokea wageni kwake na jamii inayopokea wageni kwa pamoja, na ili ihesabiwe kuwa ni mpango wa jamii, zinahitajika nyumba zisizopungua tano. Shikeni hapo kwenye "kwa pamoja", maana ndipo hadithi yote ilipo.

Kijiji hiki kina nyumba kumi na moja zinazopokea wageni. Mimi sikuchagua yoyote. Tulipofika, katibu wa kamati, mama wa makamo ambaye kila mtu anamwita didi, yaani dada mkubwa, alifungua daftari la shule lenye mistari, akapitisha kidole juu ya ukurasa, akatamka jina. Mama mmoja mjane akasimama, akanivisha shada la maua, akachukua begi langu kabla sijakataa. Nyumba ya tisa. Rafiki yangu akaenda kwa mjomba wake, mimi nikamfuata mjane.

Nilimwita aama, yaani mama. Yeye aliniita babu! Siku ya kwanza nilidhani ananitania kwa sababu ya ndevu, mpaka nikaelezwa kwamba kwa Kinepali "babu" ni neno la upendo la kumwitia mtoto wa kiume. Basi nikawa babu mwenye miaka ishirini na minane. Lugha zetu mbili zilikutana mahali pengine pia. Nikisema pesa, yeye anasema paisa. Kitabu ni kitab, kalamu ni kalam, hesabu ni hisab, dunia ni duniya. Kwa maneno hayo, ishara na mjukuu wake wa darasa la sita anayejua Kiingereza kidogo, tulielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na mameneja wengine niliowahi kufanya nao kazi.

Jioni ya kwanza aliniletea dhindo. Wasomaji, dhindo ni ugali! Ugali wa wimbi, mweusi, unaomegwa kwa mkono na kuchovywa kwenye mchuzi wa mboga kavu iliyochachushwa wanayoiita ghundruk. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui: wimbi ni zao la kwetu. Lilifugwa kwanza katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, likavuka bahari kwenda Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita. Nilijaribu kumweleza aama kwamba chakula chake kilitoka upande wa kwetu. Alicheka, akaniongeza kipande kingine, kana kwamba nadai kilicho changu.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aama hajui methali hiyo lakini aliifuata. Siku ya tatu nilikuwa shambani kwenye ngazi za mlima, nakata masuke ya wimbi kwa mundu, nyuma sana ya mjukuu. Choo kilikuwa nje, hatua kama ishirini kutoka mlangoni. Maji ya kuoga yalichemshwa kwenye sufuria. Mtandao wa simu ulikuwa unapatikana ukisimama kwenye pembe moja ya ukuta wa zizi.

Sasa turudi kwenye daftari.

Usiku wa nne didi alimtuma rafiki yangu aniite. Walikuwa wamesikia kwamba naandika programu. Swali lao lilikuwa moja: kompyuta inaweza kufanya kile kinachofanywa na daftari? Nikaomba nielezwe daftari linafanya nini. Tulikaa saa mbili. Nilipanga kanuni zake hivi:

1. Kila mgeni kwa kila usiku ni mstari mmoja wa kalamu mbele ya jina la nyumba. Wageni wawili kwa siku tatu ni mistari sita.

2. Kila nyumba ina haki ya mistari sita katika mzunguko mmoja. Isipofika sita, iliyobaki inahamia mzunguko ujao. Ikipita sita, inaanza mzunguko ujao na deni.

3. Nyumba yenye msiba, mgonjwa au harusi inarukwa, lakini haipotezi zamu yake.

4. Mgeni anayerudi mwaka mwingine akiomba mama yule yule, anapelekwa kwake, lakini mistari inaandikwa kama kawaida.

5. Nyumba isiyokuwa na blanketi safi, choo safi na maji yaliyochemshwa inasimamishwa na kamati mpaka irekebishe. Kamati inakagua, si mgeni.

6. Sehemu ya kila malipo inaingia mfuko wa kijiji.

Nilipoziandika nilihisi nimeziona mahali. Nikakumbuka somo la mitandao chuoni. Ruta ikiwa na foleni kadhaa za pakiti zinazosubiri kutumwa, njia rahisi ya haki ni kupokezana: pakiti moja kutoka foleni hii, moja kutoka ile. Lakini pakiti hazilingani. Foleni yenye pakiti kubwa itakula njia yote huku ikidai inachukua zamu moja tu kama wenzake. Mwaka 1995 M. Shreedhar na George Varghese walichapisha suluhisho maridadi: kila foleni ipewe mgao wa baiti katika kila mzunguko, na mgao usiotumika uwekwe kama akiba ya mzunguko unaofuata. Kazi ya ruta ikawa nyepesi mno, na haki ikapatikana.

Daftari la didi ni ndugu wa algoridhimu hiyo. Tofauti ni ndogo: ruta husubiri akiba itoshe ndipo itume, kijiji hukopesha kwanza na kudai baadaye. Hakuna hata mmoja pale aliyesoma mambo ya foleni. Ila walishaona kwamba mgeni mmoja wa usiku mmoja hawezi kuhesabiwa sawa na kundi la watu wanne wanaokaa siku tatu. Na sisi tunazo za kwetu. Kina mama wa chama wanaozungushiana pesa kila mwezi wanaijua kanuni hii. Steji ya matatu inaijua: gari jipya lenye muziki mkubwa na lile kuukuu yote yanasubiri kujaza kwa foleni.

Ningeweza kuishia hapo, kama si kijana wa nyumba ya saba.

Kijana huyu alifanya kazi Qatar miaka sita. Alirudi na akiba, akachukua na mkopo juu yake, akajenga bafu la maji moto, choo cha kukalia na akaweka intaneti. Katika kikao kile alisema wazi, kwa heshima lakini bila kuzunguka: watalii wanataka bafu. Kwa nini asubiri foleni moja na nyumba zenye choo cha nje? Aliomba programu mpya iwe na picha za kila nyumba, bei ya kila nyumba na nyota za kila nyumba. Mgeni achague. Anayetaka wageni zaidi aboreshe kwake.

Msimcheke. Hoja yake ina uzito, na kwa jinsi tulivyofundishwa kujenga tovuti, ndiyo hoja ya kawaida. Tena najua ningefanya nini mimi mwenyewe. Ningewekewa picha za nyumba kumi na moja kwenye skrini, ningebonyeza bafu la maji moto kabla chai haijapoa. Sote tungebonyeza hivyo. Nisingekula dhindo ya aama, na yeye asingepata mistari yake sita.

Nyota zina tabia ambayo sisi waandishi wa programu tunapaswa kuielewa kabla ya kuzinakili. Mwaka 1968 Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika jinsi mwanasayansi mwenye jina anavyozidi kupewa sifa na asiye na jina anavyozidi kusahauliwa, akaliita jambo hilo kwa jina la Injili ya Mathayo. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walilipima kwa kutumia mtandao. Watu zaidi ya 14,000 walipewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana wazisikilize na kuzipakua. Waligawanywa katika makundi yasiyoonana. Palipoonyeshwa idadi ya waliopakua kila wimbo, zilizopendwa zilizidi kupendwa na zilizoachwa zilizidi kuachwa, kuliko pale ambapo idadi ilifichwa. Zaidi ya hapo, wimbo uliopanda juu katika kundi moja haukuwa lazima upande katika jingine. Ubora ulikuwa na kazi yake, lakini bahati ya waliotangulia nayo ilikuwa na kazi kubwa.

Ingiza hilo katika kijiji cha nyumba kumi na moja. Wageni watano wa kwanza wanaandika sifa za nyumba ya saba. Wa sita anaona sifa hizo. Baada ya misimu miwili nyumba tatu zimejaa na nane zina vumbi. Sasa fikiria kwamba wenye nyumba hizo ni ndugu, majirani na wakwe, wanaochota maji bomba moja na kuzikana. Katika mji mkubwa aliyeshindwa na nyota anahama au anabadilisha biashara. Mjane wa nyumba ya tisa atahamia wapi?

Didi alimjibu kijana kwa hoja nyingine, ambayo sikuwa nimeifikiria. Alimuuliza mgeni anatoka kwao mbali hivyo kuja kuona nini. Bafu analo kwao. Anakuja kuona ngazi za mashamba ambazo kila nyumba inalima, msitu ambao kila nyumba inaulinda, ngoma ambazo watoto wa kila nyumba wanacheza, na njia ya mawe ambayo kila nyumba ilitoa mtu wa kuijenga. Kinachouzwa ni kijiji. Chumba ni mahali pa kulala tu.

Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akasema: didi, lakini deni la bafu nalilipa peke yangu.

Hakuna aliyecheka, maana ilikuwa kweli. Wazee walizungumza muda mrefu kwa Kigurung, lugha ambayo hata rafiki yangu anaifahamu nusu. Mwishowe walipata njia. Mgeni wa nyumba yoyote ataruhusiwa kuoga nyumba ya saba kwa ada ndogo, na ada hiyo ni ya kijana, haiingii mfukoni mwa kijiji. Mfuko nao utajenga bafu moja kila mwaka katika nyumba nyingine, kwa zamu. Kijana alikubali kujaribu mpaka sikukuu ya Dashain ya 2025, kisha ataamua.

Basi nikaandika programu. Ni mistari kama 300 ya Python na hifadhidata ya majedwali matatu: nyumba, wageni na mistari ya kalamu. Kazi ngumu zaidi haikuwa zamu, ilikuwa tarehe. Daftari linafuata kalenda ya Bikram Sambat, ambamo mwaka ule ulikuwa 2081. Miezi yake ina siku kati ya 29 na 32, na inabadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo unahitaji jedwali zima la miaka, hesabu rahisi haitoshi. Halafu saa: Nepal iko mbele ya Nairobi kwa saa 2 na dakika 45. Ukidhani kila tofauti ya saa duniani ni saa kamili, Nepal itakuumbua. Kabla hujacheka, angalia hifadhidata ya majira iliyomo ndani ya Linux yako: enzi za ukoloni Nairobi nayo iliwahi kuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya UTC.

Mgeni anayeomba nafasi anaomba kijiji. Anaona picha za kijiji, bei moja, na orodha ya vitu ambavyo nyumba zote lazima ziwe navyo. Mwenye mahitaji maalumu, kwa mfano mzee asiyeweza kupanda ngazi, anayaandika, na didi anaweza kuvunja zamu kwa ajili yake. Lakini akivunja lazima aandike sababu, na ukurasa huo unasomwa na nyumba zote. Malalamiko yanakwenda kwa kamati. Kila Jumamosi programu inachapisha ukurasa mmoja unaobandikwa ndani ya daftari, kwa sababu umeme ukikatika au mimi nikipotea, zamu lazima iendelee.

Kuna mwenzangu aliyeniambia kwamba hiyo ni kurudisha teknolojia nyuma, kwamba kazi ya programu ni kumpa mtumiaji uhuru wa kuchagua. Nikamuuliza, mtumiaji ni nani hapa? Mgeni anakaa siku tatu. Aama anakaa maisha. Na hata mgeni hakupoteza kitu. Ukichagua nyumba kwa nyota unafika kama mteja, unakagua kama ulichoahidiwa kipo. Ukipewa nyumba kwa zamu unafika kama jamaa, maana jamaa nao hatuwachagui. Unakula kilichopikwa, unashika mundu.

Dashain imepita. Rafiki yangu ameniandikia kwamba nyumba ya saba bado imo katika daftari. Bafu la pili limejengwa nyumba ya nne, na zamu ya aama ya kujengewa ni mwaka wa tatu kutoka sasa. Kijana ameomba tena mambo ya picha, kamati imesema watalizungumza. Huenda siku moja watakubali, na ni haki yao, kijiji ni chao. Ila uamuzi huo wataufanya wakiwa wamekaa pamoja kikaoni. Sikutaka uwe umeshafanywa kwa ajili yao na kijana wa Nairobi aliyenakili ukurasa wa nyota kwa sababu ndivyo tovuti zote zilivyo.

Kwa wale wanaojenga programu za kugawa wateja kati ya madereva, mafundi au mama mboga wa mtaa mmoja, nawaachia swali moja: kabla hamjaandika mstari wa kwanza, mmeulizia kama kuna daftari?

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.